Daftari la ukoo: namna ya kuandika nani virusi vilimwelemea na nani vilimpita kando

Katika kasha la marehemu mama yangu kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Ni nasaba yetu: fulani bin fulani bin fulani, hadi mtu wa kumi na nne ambaye husemwa alishuka Pate kwa jahazi. Niliifungua tena mwaka niliostaafu uuguzi, nikaona jambo ambalo siku zote lilikuwa mbele ya macho yangu. Majina yamo. Nani alikufa kwa nini, hakuna hata neno moja. Na wanawake karibu wote hawamo, utadhani wale wanaume walizaana wenyewe.

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, nasaba tunaijua sana. Vinasaba tunavisikia redioni tu, kesi ya mtoto inapofika mahakamani. Ilhali neno la pili limezaliwa na la kwanza: nasaba ni nani kazaliwa na nani, vinasaba ni kile hasa alichorithishwa mwilini. Ninachotaka kukuonyesha ni namna ya kuvikutanisha: uchukue nasaba uliyo nayo, uongeze maradhi, hasa yale ya virusi, kwa mpango ambao daktari akiutazama dakika tano aelewe kitu. Yetu ilinichukua miezi mitatu kwa sababu nilikosea mengi. Wewe ukiwa na wazee walio hai na simu yenye salio, wiki tatu zinatosha.

Birika moja, mbu wale wale

Kilichonitia wazo ni mwaka wa chikungunya. Ilikuwa 2004, baina ya Mei na Oktoba. Ukame ulikuwa mkali, visima vimepungua, na kila nyumba ilijaza mapipa na mitungi ikayaacha maji yakae siku nyingi. Mbu wa Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, alipata pa kuzalia ndani ya nyumba zetu. Waliopima damu za watu baadaye walikadiria kuwa robo tatu ya mji iliambukizwa, kama watu 13,500. Jina la ugonjwa ni la Kimakonde, limetoka kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na maana yake ni kukunjika. Walioupata hawahitaji kufafanuliwa.

Nyumbani kwetu Langoni tulikuwa ndugu wanne. Kaka mkubwa alikwenda msalani kwa kutambaa, na mwaka mzima hakuweza kufunga kifungo cha kanzu yake. Dada yangu alipata homa siku tatu na vipele, akarudi jikoni. Mimi mikono ilinivimba wiki mbili, nikawa nashindwa kushika sindano. Kitinda mimba hakuumwa hata kichwa, akawa anapita ukumbini akituambia tunajidekeza. Birika lilikuwa moja, na mbu walikuwa wale wale.

Wengi wakiona hivyo husema ni bahati. Wengine husema ni damu. Mimi nilisema ni damu, na baadaye nitakuambia nilivyokosea.

Lakini kwamba damu ina sehemu yake, hilo lina ushahidi mzito, na ule ninaoupenda umetoka Denmark. Mwaka 1988 ilichapishwa hesabu ya watoto waliozaliwa baina ya 1924 na 1926, wakalelewa na watu wasio wazazi wao. Mtoto ambaye mzazi wake wa damu alikufa kwa maradhi ya kuambukiza kabla ya kufika miaka 50, yeye naye alikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya namna hiyo karibu mara sita ya wenzake. Mzazi mlezi, aliyekula naye sahani moja na kumkoholea usoni, kifo chake hakikuongeza hatari hiyo. Mtoto alikuwa amebeba kitu kutoka kwa mtu asiyemjua hata kwa sura.

Karatasi na kalamu

Nunua karatasi ya manila, ile kubwa ya shuleni, na penseli. Penseli, si biro. Hewa yetu ya chumvi huifanya wino ichuruzike, na kwa hakika utafuta sana. Anzia chini, si juu. Nasaba zetu huanza kwa mzee mkubwa zikateremka. Hii inaanza kwa watoto waliopo ikapanda. Vizazi vitatu ndivyo vya lazima, cha nne ni neema.

Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyefariki mpige mstari wa mshazari. Mume na mke waunganishe kwa mstari mmoja, lakini wakiwa wakoi, mtoto wa ami na mtoto wa ami au wa aina nyingine yoyote, wapigie mistari miwili. Usione haya. Sisi wenyewe mistari miwili imejaa kama reli. Na usimwache mtu kwa sababu alikufa mchanga. Hao ndio unaowatafuta zaidi. Mimba zilizoharibika pia ziweke, kwa kipembetatu kidogo.

Chini ya kila umbo andika vitu vitatu tu: umri alipougua, dalili kwa maneno ya msimuliaji, na kilichotokea. Jina la ugonjwa liandike mwisho kabisa, na ukilitilia shaka weka alama ya kuuliza. Jina la ugonjwa ndilo linalodanganya kuliko vyote.

Kumkalisha mzee

Usiende na faili. Nenda baada ya alasiri, ukae naye kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, kahawa iwe chungu na halwa iwepo, na umwache aanze na mambo yake. Mama mdogo wangu ana miaka 84, na siku ya kwanza nilipomuuliza moja kwa moja nduguze walikufa kwa nini, aliniambia, "Yeo wataka kunilisha msiba na kahawa?" Akanyamaza mpaka magharibi.

Siku ya pili nilimuuliza kuhusu harusi yake. Nani alikuwepo? Nani hakuwepo? Kwa nini hakuwepo? Hapo ndipo wafu walipoanza kuingia mmoja mmoja kama wageni.

Miaka usiiulize kwa namba. Uliza kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada, wakati wa shifta, kabla ya mvua za El Niño za 1997, mwaka wa chikungunya, wakati wa korona. Ukishaupata mwaka, dondoa dalili. "Homa" peke yake haina maana; kwa wazee wetu homa ni kila kitu chenye joto. "Degedege" ni mtoto aliyetetemeka, na nyuma yake huenda palikuwa na malaria, au uti wa mgongo, au kirusi kilichopanda kwenye ubongo. Wakiitaja surua wasadiki, waliijua vizuri: macho mekundu, kikohozi, vipele vinavyoanzia usoni. Tetekuwanga pia hawaikosei. Ukisikia "alikuwa wa manjano", uliza kama macho au ngozi, na kama mkojo ulikuwa kama chai. Kisha uliza swali ambalo watu husahau: nani mwingine nyumbani aliugua siku zile, na yeye alikuwaje? Bila huyo wa pili huna cha kulinganisha.

Usimuulize mama aliyefiwa "kwa nini". Muulize "ilikuwaje".

Kabla hujasema ni damu

Sasa nirudi kwa kaka yangu na kitinda mimba. Nilipokwisha kuwachora nikaandika umri, nilijionea aibu. Mwaka 2004 kaka alikuwa na miaka 52 na sukari juu yake. Mdogo wetu alikuwa na 19. Umri mkubwa na maradhi mengine ni sababu zinazojulikana za maumivu ya chikungunya kukaa muda mrefu. Nilikuwa nimeitwika nasaba mzigo ambao miaka ingeweza kuubeba yenyewe.

Kwa hiyo kila umbo unalotaka kulitilia mkazo, lipitishe kwanza kwenye maswali ya kawaida. Alichanjwa? Kenya mtoto hupata ya surua akiwa na miezi tisa na kumi na minane; aliyezaliwa kabla ya chanjo hizo si wa kulinganishwa na aliyezaliwa baada. Alikuwa amekonda, amepungukiwa vitamini A? Surua humla mtoto wa namna hiyo. Alikuwa mjamzito? Homa ya ini aina ya E humpita mtu wa kawaida lakini mjamzito inaweza kumuua. Ilikuwa dengue ya mara ya pili? Virusi vya dengue ni vya aina nne, na mtu aliyewahi kupata aina moja akaja kupata nyingine huweza kuumia zaidi safari ya pili, kwa sababu kinga ya kwanza huivutia ndani badala ya kuifukuza. Watu wetu waliokuwa Mombasa mwaka 2013 dengue ilipozagaa, nimewawekea nukta nyekundu.

Na kuna jambo lililonishangaza hata mimi niliyevaa sare miaka thelathini. Seli ikiingiwa na kirusi hutoa protini iitwayo interferoni. Ichukulie kama siwa, lile baragumu letu kubwa: ikipulizwa mtaa mmoja, mitaa ya jirani hufunga milango. Wapo waliozaliwa na siwa yenye ufa, hao ni wa jeni, yaani kinasaba walichorithi. Wapo wenye siwa nzima lakini majirani wamezaliwa viziwi, hao nao ni wa jeni. Lakini mwaka 2020 ilionekana kuwa takriban mtu mmoja kati ya kumi waliozidiwa kabisa na korona alikuwa na kingamwili zinazoishambulia interferoni yake mwenyewe, kama mtu aliyejaza matambara ndani ya siwa. Wengi wao walikuwa wanaume wa makamo na wazee, na miaka yote hawakujua. Ukimwona babu aliyekufa na korona ilhali nduguze walipona, hilo nalo litie akilini kabla ya kuchora mstari mpaka kwa wajukuu.

Watoto wawili, kirusi kimoja

Hapa nitakaa kidogo, maana hiki nilikiona kwa macho yangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Alikuwa na miaka sita. Jumatatu aliamka na homa ndogo na mafua. Alhamisi nilipita nikamkuta amekaa kwenye daka wakati wenzake wanacheza, mdomo umepauka kama aliyelamba unga. Nilimshusha kope la chini: weupe mtupu. Nikamwambia aweke kiganja juu ya changu na akikunjue sana. Mistari yake haikuwa na wekundu wowote. Alipumua kama aliyepanda ngazi, na hakuwa amepanda. Zahanati moja ilikuwa imeshampa dawa za malaria bila kumpima, na nilizitia kwenye mfuko tukaenda hospitali.

Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 3.4, chini mno. Macho hayakuwa na manjano na bandama halikuvimba, kwa hiyo damu haikuwa ikivunjika ghafla wala kujificha tumboni. Mtu wa maabara alitafuta chembe changa za damu, zile zinazotoka kiwandani, hakuziona. Kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Aliyekifunga ni kirusi kiitwacho Pavovairasi B19. Huingia ndani ya seli zinazotengeneza chembe nyekundu na kusimamisha kazi kwa siku saba hadi kumi hivi. Kwa mtu mwenye damu ya kawaida hilo si kitu, kwa sababu chembe yake nyekundu huishi siku kama 120. Kiwanda kikifungwa wiki moja ghala bado limejaa. Chembe ya mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20. Piga hesabu mwenyewe ghala lake litakuwaje wiki ikiisha.

Na huku nyumbani, nduguye wa miaka minne, asiye na selimundu, alikuwa na kirusi hicho hicho wiki hiyo hiyo. Mashavu ya moto, vipele kama nyavu mikononi, siku tatu, akarudi kula mahamri. Mama mmoja, chumba kimoja, chafya zile zile. Tofauti ilikuwa herufi moja katika jeni ya hemoglobini, iliyorithiwa kutoka pande zote mbili. Mpwa wangu aliongezwa damu usiku ule, na baada ya wiki kiwanda kilifunguka chenyewe. Aliyepata B19 mara moja kwa kawaida hairudii tena.

Jeni hiyo haikuja kwetu kwa bahati mbaya. Tangu 1954, Anthony Allison alipoonyesha kuwa anayebeba nakala moja hulindwa na malaria kali, tunajua kwa nini imejaa kwenye pwani yenye mbu, kuanzia kwetu hadi Malindi na Kilifi. Nakala moja ni ngao. Mbili ni maradhi. Wazazi wote wawili wakiwa na moja moja, kila mtoto ana uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuzipata zote mbili. Si kwamba wakizaa wanne mmoja ndiye. Kila mimba inapiga kura yake upya.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, mwenye selimundu mtie kivuli, umbo lake ulipake penseli kama la waliozidiwa na kirusi, hata kama yeye hajawahi kuugua kirusi chochote. Na nyumba yenye mtoto huyo ikiingiwa na homa yenye mashavu ya moto, watazame kope na viganja kila asubuhi kwa wiki mbili. Wakiwa wawili wenye selimundu, wote wawili wapimwe, maana huangushwa pamoja. Mjamzito naye akae mbali, kirusi hiki humfikia mtoto tumboni.

Michoro ya kutafuta

Ukishamaliza kuandika, itundike karatasi ukutani, rudi nyuma hatua tatu, ukodoe macho. Unatafuta umbo, si hadithi.

Mistari miwili yenye watoto waliotiwa kivuli chini yake, huku wazazi wenyewe wakiwa wazima, ni umbo la jeni ya kujificha. Wakoi wa moja kwa moja wanashirikiana takriban sehemu moja kwa nane ya vinasaba, kwa hiyo hitilafu iliyolala kwa babu mmoja hupata nafasi ya kukutana na pacha wake. Mwaka 2006 huko Ufaransa walipatikana watoto wawili waliokuwa wazima kwa kila kitu, ila kirusi cha vipele vya midomo, ambacho watu wengi tunacho na kinatutoa lengelenge tu, kiliwapanda kwenye ubongo. Wazazi wa kila mmoja walikuwa wa ukoo mmoja. Jeni yao iitwayo UNC93B1 haikufanya kazi, na seli za ubongo hazikuweza kuipuliza ile siwa. Mwaka uliofuata wengine walipatikana na hitilafu ya jeni TLR3, na hao nakala moja mbovu ilitosha, bila wazazi kuwa wa ukoo mmoja. Kwa hiyo mistari miwili ni ya kutazamwa kwanza, lakini si peke yake. Wala sisemi watu waache kuoana ndani ya ukoo. Wazazi wangu walikuwa mistari miwili na tuko hapa. Nasema ichorwe.

Umbo la pili: wavulana tu, na wote upande wa mama. Mvulana ana kromosomu X (uzi unaobeba vinasaba) moja tu, aliyopewa na mama. Ikiwa na hitilafu hana ya akiba. Msichana ana mbili. Mwaka 2020 Uholanzi, jozi mbili za ndugu wa kiume kutoka familia mbili, wote wenye miaka baina ya 21 na 32 na wazima wa afya, walizidiwa na korona hadi kuwekewa mashine, mmoja akafa. Wote walikuwa na hitilafu katika TLR7, jeni iliyo juu ya X na inayomwona kirusi akiingia. Kabla ya hapo, mwaka 1975, ilikuwa imeelezwa familia ya Marekani ambayo wavulana wake sita walikufa baada ya kukumbana na kirusi cha Epstein-Barr, kitu ambacho watoto wengi hukipata kwa mate na kisiwafanye lolote.

Mengine nitayataja haraka. Sunzua zilizoenea mwili mzima tangu utotoni na hazikauki, ziandike. Mtoto aliyeugua vibaya sana baada ya chanjo ya kirusi hai, kama ya surua, mwandike na umwambie daktari kabla ya nduguye kuchanjwa. Wako wachache mno duniani waliozaliwa bila masikio ya kusikia interferoni. Wachache mno, nimesema. Asije mtu akachukua sentensi hii akamzuia mtoto wake kliniki.

Waliopitwa nao waandike

Sisi huwaandika wagonjwa tu. Kosa. Aliyekula pilau ile ile ya harusi akabaki mzima wakati ukumbi mzima unagombania choo, huyo ana habari. Kirusi cha norovairasi hujishikiza kwenye sukari zilizo juu ya utumbo, na jeni iitwayo FUT2 ndiyo inayozipanga. Kama mtu mmoja kati ya watano barani Ulaya na sehemu nyingi za Afrika hana nakala inayofanya kazi, na aina kuu ya kirusi hicho haipati pa kushika. Aina nyingine humpata, kwa hiyo asijivune.

Na kuna akina mama wa Majengo, Pumwani, Nairobi. Tangu miaka ya 1980 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba waliwafuatilia wanawake wanaouza miili, na wakaona baadhi yao, miaka nenda miaka rudi, hawakuambukizwa ukimwi ijapokuwa walikutana nao kila siku. Baadhi ya tofauti ilikuwa kwenye jeni za HLA, zile zinazoionyesha kinga vipande vya adui. Lakini baadhi yao walipoacha kazi kwa muda wakarudi, waliambukizwa. Ngao ya jeni huwa haisimami peke yake.

Utasikia pia watu wakisema kuna wazungu wasioshikwa na ukimwi. Ni kweli kwa wachache: ni pengo katika jeni CCR5, na wenye nakala mbili ni kama mmoja kwa mia huko kaskazini mwa Ulaya. Kwetu pwani halipo ila kwa nadra mno. Vivyo hivyo kipande cha kromosomu ya 3 kilichozidisha makali ya korona, ambacho Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha mwaka 2020 kuwa kimetoka kwa watu wa kale waitwao Neandertali: karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, Afrika hakipo takriban kabisa.

Sasa, sisi ni wa wapi? Mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 wa zamani, karibu wote waliozikwa pwani, wakiwemo wa Manda, Faza na Mtwapa. Kwa wengi wa hao wa pwani upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa akina baba sehemu kubwa ulitoka Asia, hasa Uajemi, kuanzia kama miaka elfu moja iliyopita. Kumbe wale wanawake wasioandikwa kwenye karatasi ya mama yangu ndio walioacha karibu nusu na zaidi ya mwili. Kwa hiyo mtu akikuambia "Waafrika huwa hivi" au "watu wa Asia huwa vile", mwambie akutolee karatasi yake kwanza.

Ya siri

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimeandika neno "kifafa" kwa biro, wazi wazi, chini ya jina la mjomba. Karatasi ilikuwa ukutani. Wakaja watu wa posa kutoka Malindi. Mmoja wao aliisoma yote huku anakunywa sharubati, na posa ikapoa wiki mbili mpaka wazee walipokwenda kuzungumza. Tangu siku hiyo ukutani hukaa namba tu, na funguo ya namba iko kwenye daftari dogo ndani ya kasha, pamoja na hati ya nyumba. Nakala ya pili iko kwa kaka Mombasa. Usiipige picha ukaitia kwenye kundi la familia. Kundi la familia lina watu mia mbili na kumi, na sijui wengine waliingiaje.

Na ukiona maradhi yanapita kwa mama, usiliseme hilo barazani. Nimeona mkaza mwana akirudishwa kwao kwa sababu eti ana damu mbaya. Jeni ya kujificha huletwa na wote wawili, na ile ya X yeye mwenyewe alipewa bila kuulizwa.

Kuipeleka

Usiingie kliniki na manila. Nakili ukurasa mmoja: mtoto aliyepo, nduguze, wazazi, na wale waliotiwa kivuli. Anza kwa sentensi moja: "Daktari, ndugu wawili wa kiume wa mama yake walikufa kwa homa wakiwa chini ya miaka mitano, na huyu amelazwa mara ya tatu." Hapo utamwona anavuta kiti. Omba vipimo vya kawaida kwanza: hesabu kamili ya damu, selimundu, ukimwi, na kiwango cha kingamwili. Kusoma jeni zenyewe ni hatua ya mbali, na anayeiagiza ni bingwa, si wewe. Vile vipimo vya kutema mate vinavyouzwa mtandaoni visikupotezee pesa kwa jambo hili. Husoma nukta chache, na takwimu wanazolinganisha nazo nyingi ni za watu wa Ulaya.

Yetu haijakamilika. Nilikuwa na wajomba wawili waliokufa wadogo, mmoja kabla ya kuota meno, na mtoto wa khala, dada wa mama, aliyefia Faza, ambaye nilimchora duara kwa sababu mama mdogo aliniambia ni Mwanaesha. Juzi baada ya isha alimtuma kijana anigongee mlango. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Mwanaesha ndiye aliyepona, aliyekufa alikuwa pacha wake, wa kiume.

Nimelifuta duara, nimechora mraba. Sasa ni watatu, wote wavulana, wote kwa nyanya mmoja. Kesho alasiri ninanunua halwa, niende nikamuulize alikuwa na miezi mingapi na vipele vilianzia wapi.